Ngoma za Mwami Katika Sahani Mpya: Historia Fupi ya Kunasa na Kusafisha Sauti

Neno "ngoma" ni mali ya lugha nyingi za Kibantu, lakini kila lugha imelivika nguo yake. Mswahili atajapo ngoma, aghalabu hukusudia chombo kipigwacho, au mchezo uchezwao kwa chombo hicho. Mnyarwanda asemapo "ingoma" hukusudia chombo, na pia hukusudia ufalme, na tena muda ambao mfalme fulani alitawala. Kalinga, ngoma kuu ya Rwanda ya kale, haikuwa chombo cha kuburudishia watu. Ilikuwa ndiyo alama ya dola yenyewe. Jamhuri ilipotangazwa mjini Gitarama tarehe 28 Januari 1961, ngoma kwa maana ya ufalme ilikoma, na Kalinga ikatoweka machoni pa watu. Wapigaji wa jumba la Nyanza walitawanyika, na desturi ya kumwamsha Mwami kwa ngoma asubuhi na kumlaza kwa ngoma usiku ikawa habari ya kusimuliwa.

Hata hivyo, sauti ya ngoma hizo haikupotea yote. Mwaka 1952, Mwami Mutara wa Tatu Rudahigwa akiwa bado kitini, zilinaswa katika utepe wa sumaku, na mwishoni mwa miaka ya 1990 zikatolewa upya katika CD. Leo mwanafunzi wa Kigali aweza kuzisikia, ingawa wazazi wake hawakuwa wamezaliwa zilipopigwa. Katika makala haya tunakusudia kuuliza swali moja: je, sauti aisikiayo mwanafunzi huyo ni ile iliyosikika mwaka 1952, au ni sauti nyingine iliyotengenezwa na mafundi?

Pengine msomaji atashangaa kuliona swali hili katika jarida la walimu wa Kiswahili. Lakini sisi tunafundisha fasihi simulizi, na fasihi simulizi ni sauti kabla ya kuwa maandishi. Tunamsomesha mwanafunzi Wasifu wa Siti binti Saad ulioandikwa na Shaaban Robert, naye hajapata kuisikia sauti ya Siti, ilhali sauti hiyo ipo. Tangu Bunge la Rwanda lilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, mahitaji ya mifano ya kusikilizwa darasani yamezidi. Mwalimu atumiaye rekodi ya zamani bila kujua ilivyonaswa na ilivyosafishwa ni kama mwalimu asomeshaye shairi bila kujua kwamba mhariri alipunguza beti.

Kutoka nta hadi umeme

Thomas Edison wa Marekani alibuni mashine ya kunasa sauti mwaka 1877. Miaka 30 baadaye mashine ya jamii hiyo ilifika Rwanda. Katika msafara wa Kijerumani wa mwaka 1907 hadi 1908, ulioongozwa na Mtawala Adolf Friedrich wa Mecklenburg, alikuwamo mtaalamu wa Kipolandi aitwaye Jan Czekanowski, aliyenasa nyimbo za Wanyarwanda katika mitungi midogo ya nta. Mitungi hiyo ilipelekwa Berlin, katika hifadhi ya sauti iliyoanzishwa na Carl Stumpf mwaka 1900. Erich von Hornbostel alizichambua nyimbo hizo, na uchambuzi wake ukachapishwa mwaka 1917.

Yafaa tuelewe mashine hiyo ilivyofanya kazi, maana ubora na udhaifu wa sauti vyatoka humo. Haikuwa na umeme. Mwimbaji aliimba mbele ya mdomo wa pembe pana. Nguvu ya sauti yake yenyewe ilitikisa kiwambo, na kiwambo kikaitikisa sindano iliyochora mfuo katika nta. Sauti nene za ngoma kubwa hazikuchorwa vizuri, na sauti nyembamba sana zilipotea kabisa. Tena kila mara mtungi ulipochezwa, sindano ililika nta kidogo, hata wimbo ukafifia kwa sababu ya kusikilizwa. Ndiyo maana wenyeji wa Berlin walitengeneza kalibu za shaba ili kutoa nakala. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia sehemu kubwa ya hifadhi hiyo ilihamishwa, ikachukuliwa na Warusi hadi Leningrad, ikarudi Berlin ya Mashariki, na hatimaye mwaka 1991 ikaungana tena na makao yake ya asili. Mwaka 1999 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia.

Jambo moja la mafundi wa Berlin lastahili sifa. Kabla ya wimbo kuanza, walikuwa na kawaida ya kupuliza kipenga chenye sauti maalumu, ya mitetemo 435 kwa sekunde. Mashine zao zilizungushwa kwa springi, na mwendo wake haukuwa thabiti. Mtungi ukizungushwa upesi kuliko ulivyonaswa, sauti ya mzee huwa kama ya kijana. Ukizungushwa polepole, ya mwanamke huwa kama ya mwanamume. Lakini fundi wa leo akirekebisha mwendo mpaka kipenga kile kitoe mitetemo 435 barabara, anajua kwamba na wimbo umerudi mahali pake. Hayo ni busara ya watu waliofikiri juu ya wasikilizaji wasiowajua.

Mwaka 1925 maikrofoni na umeme vilianza kutumika katika kurekodi santuri, na sauti ikafunguka. Siti binti Saad na wenzake waliposafiri kutoka Unguja kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, zama mpya zilikuwa zimekwisha kuingia. Santuri za siku hizo zilizunguka takriban mara 78 kwa dakika, na upande mmja wa sahani ya kawaida ulichukua wimbo wa dakika tatu hivi. Shairi refu lilipaswa kukatwa au kugawanywa pande mbili. Ngoma za Watutsi wa Rwanda nazo ziliingia katika santuri kwa mara nyingine katika msafara wa Denis na Roosevelt wa mwaka 1935 hadi 1936, na zikauzwa Marekani.

Kazi ya Hugh Tracey

Mtu aliyenasa ngoma za Mwami mwaka 1952 alikuwa Hugh Tracey, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1903 na kuishi muda mrefu kusini mwa Afrika. Mwaka 1954 alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, karibu na Johannesburg. Baada ya kufa kwake mwaka 1977, maktaba hiyo ilihamishiwa Chuo Kikuu cha Rhodes katika mji uliokuwa ukiitwa Grahamstown, na ambao tangu 2018 huitwa Makhanda. Mfululizo wake mkubwa wa santuri, uitwao Sound of Africa, una sahani 210.

Tracey alitumia maikrofoni moja, naye aliishika mkononi. Hakuisimamisha mahali pamoja na kungoja. Aliisogeza kwa mwimbaji alipoanza ubeti, akaipeleka kwa ngoma zilipojibu, akairudisha nyuma zilipovuma mno. Kwa hiyo rekodi zake si picha ya uwanja wote. Ni usikivu wa mtu mmoja aliyechagua. Tena, kwa kuwa alizoea kipimo cha santuri, alipenda nyimbo ziishe kwa dakika tatu au nne. Muziki wa jumba la Nyanza haukutungwa kwa kipimo hicho. Habari hii yapaswa kukumbukwa na kila anayesema kwamba CD "imeturudishia" muziki wa kale. Usafishaji waweza kuondoa vumbi lililoangukia wimbo, lakini beti ambazo hazikunaswa hauwezi kuzirudisha.

Kundi la ngoma za kifalme kwa kawaida lilikuwa na ngoma saba hadi tisa za ukubwa mbalimbali. Ndogo kuliko zote, ishakwe, hutoa sauti nyembamba na kushika mwendo ambao wengine wote huufuata. Inyahura huja kati. Na ibihumurizo hunguruma chini. Msikilizaji akiikosa ishakwe, amekosa uti wa mgongo. Akizikosa ibihumurizo, amekosa mwili. Kwa hiyo ngoma hizi ni mtihani mzuri wa ubora wa rekodi yoyote, maana zinadai chombo kinachoweza kubeba sauti ya juu, ya kati na ya chini kwa pamoja, tena kwa ukali na upole wake.

Santuri za Tracey hazikuweza kufanya hivyo kikamilifu. Utepe wa sumaku ulinasa zaidi ya kilichoweza kuchorwa katika mfuo wa sahani, kwani sauti nene ikizidi hupanua mfuo na kuirusha sindano. Mafundi walipunguza. CD ilipoanza kuuzwa mwaka 1982, kazi ya kampuni za Philips na Sony, mpaka huo uliondoka. Katika CD sauti haichorwi. Hupimwa mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa tarakimu 16 za sifuri na moja. Hesabu hiyo hutosha kubeba mitetemo hadi 22,050 kwa sekunde, nayo ni zaidi ya ile 20,000 ambayo ni mwisho wa sikio la kijana mwenye afya.

Michael Baird, mpiga ngoma aliyezaliwa Zambia na kuishi Utrecht, Uholanzi, aliitumia nafasi hiyo. Kampuni yake ndogo, SWP, ilitoa zaidi ya CD 20 za rekodi za Tracey, mojawapo ikiwa ya jumba la Mwami wa Rwanda. Jambo la msingi ni kwamba alirudi kwenye tepe za asili zilizohifadhiwa katika maktaba ya Tracey, asinakili santuri. Alikwenda kuteka maji kwenye chemchemi, wala si mtungini. Katika kila CD ya muziki wa kale, hili ndilo swali la kwanza la kuuliza: imetoka wapi? Santuri iliyochakaa haiwi mpya kwa kuhamishiwa sahani inayong'aa.

Kusafisha na kufuta

Sasa na tuitazame kazi ya usafishaji yenyewe. Fundi mwema huanza na mambo ya mikono: kuosha santuri, kuchagua sindano inayolingana na upana wa mfuo, na kutafuta mwendo wa haki, kwani si kila santuri ya "78" ilizunguka mara 78 kamili. Kisha huja kompyuta. Milio ya ghafla itokanayo na mikwaruzo huondolewa mmoja mmoja, na pengo lake huzibwa kwa kukisia sauti iliyotangulia na iliyofuata. Mwisho huja ile kazi ya hatari, nayo ni kupunguza mvumo wa daima, ule mlio wa "sss" ulio chini ya kila rekodi ya zamani.

Kwa nini tunaiita ya hatari? Walimu wa lugha ndio wapaswao kujibu. Irabu zetu, a, e, i, o, u, zina nguvu kubwa katika mitetemo ya chini na ya kati. Lakini konsonanti za mkwaruzo, s, sh, f, th, hukaa juu, mahali pale pale penye mvumo wa santuri. Programu iliyoamriwa kuondoa mvumo haijui maana, hupima tu. Ikikaza mkono, huondoa mvumo pamoja na ncha za maneno. Hapo mwimbaji husikika kama aliyefunikwa blanketi: sauti ni tulivu na ya kupendeza, bali "sasa" na "fafa" hazitofautiani. Katika mashairi ya Kiswahili, ambamo vina ndivyo nguzo, hasara hiyo si ndogo. Mwaka 2007 Maktaba ya Uingereza na kampuni ya Topic walitoa CD ya muziki wa Waswahili wa Tanzania na Kenya wa miaka ya 1920 hadi 1950. Mwalimu ataisikia mikwaruzo humo, na twamsihi asiilaumu upesi. Mkwaruzo kidogo ukiachwa, mara nyingi konsonanti nazo zimeachwa.

Mfano ulio mkali zaidi uko kwa jirani zetu wa Burundi. Huko ipo desturi ya kunong'ona huku inanga ikipigwa. Inanga, kwa msomaji asiyeijua, ni chombo cha nyuzi zilizotandazwa juu ya ubao uliochongwa kama sinia refu. Mpigaji haimbi kwa koo. Hutoa maneno kwa pumzi tupu, na nyuzi ndizo zinazoyapa toni, hata msikilizaji akadhani kwamba chombo chenyewe chasema. Michel Vuylsteke alinasa muziki wa namna hiyo mwaka 1967, na kampuni ya Ocora ya Ufaransa ikautoa. Sasa, mnong'ono kwa tabia yake ni nini? Ni pumzi ipitayo mdomoni bila koo kutetema. Kwa vipimo vya mashine, ni ndugu wa mvumo wa utepe. Sikio la binadamu hutambua mara moja kwamba huu ni mzee anasimulia na ule ni utepe unavuma. Mashine isiyosimamiwa huweza kumfuta mzee na kuona kwamba imesafisha vizuri.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wale wasemao kwamba rekodi iliyo kimya zaidi ndiyo bora zaidi. Hatutofautiani nao kwa kupenda makelele. Santuri ya zamani ikichezwa mbele ya darasa bila kusafishwa kabisa, wanafunzi hucheka, na somo huharibika. Lakini usafi una mpaka, na mpaka huo ni neno na pigo. Neno likianza kupotea, au pigo la ishakwe likianza kufifia, fundi na auondoe mkono wake. Tena, nakala isiyoguswa ihifadhiwe daima kando ya ile iliyosafishwa, maana vyombo vya kesho vitakuwa hodari kuliko vya leo, bali haviwezi kusafisha kilichokwisha kufutwa.

Liko na kosa jingine, ambalo limeenea tangu miaka ya 1990. Watengenezaji wengi wa CD walishindana nani atasikika kwa nguvu zaidi. Ili kufanya hivyo waliziinua sauti ndogo na kuzibana kubwa, mpaka zikalingana. Wimbo wa dansi waweza kustahimili. Ngoma za Mwami haziwezi. Ukuu wao umo katika umbali ulio baina ya ishakwe ikiita peke yake na ngoma zote zikijibu. Ukiupunguza umbali huo, umelifanya jumba la mfalme kuwa chumba kidogo. CD ina nafasi ya desibeli 96 hivi baina ya sauti ndogo na kubwa. Ni ajabu kwamba watu waliopewa uwanja mpana hivyo walichagua kusimama wote penye kona moja.

Sauti ikirudi nyumbani

Mpaka hapa tumesema juu ya mafundi na mashine. Limebaki suala la wenye mali. Tepe za Tracey ziko Makhanda, mitungi ya Czekanowski iko Berlin, na rekodi nyingi zilizonaswa Rwanda tangu miaka ya 1950 ziko katika Makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Mtaalamu wa makumbusho hayo, Jos Gansemans, alichapisha kitabu kikubwa cha ala za muziki za Rwanda mwaka 1988, na CD ya Rujindiri, bingwa wa inanga wa jumba la kale, ilitolewa Ubelgiji pia. Kwa miaka mingi Mnyarwanda aliyetaka kumsikia Rujindiri katika sauti iliyo safi ilimbidi aagize Ulaya.

Tuseme wazi kwa nini jambo hili ni zito hapa kuliko penginepo. Wapigaji walitawanyika baada ya mwaka 1959. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 wasanii wengi waliuawa, na pamoja nao wakaenda wanafunzi wao, na kaseti zilizokuwa majumbani. Katika nchi nyingine, rekodi mbaya husahihishwa na mzee anayekumbuka. Akisikia pigo limekosekana, husema. Kwetu, mara nyingi mzee huyo hayupo. Rekodi ndiyo mzee. Fundi wa ng'ambo afutapo mnong'ono kwa bahati mbaya, huenda hakuna tena mtu wa kumwambia kwamba palikuwa na neno.

Kwa sababu hiyo tulifurahi kwamba katika miaka ya karibuni Tervuren imeikabidhi Rwanda nakala za kidijitali za rekodi zaidi ya 4,000, zikapokewa na Chuo cha Urithi wa Utamaduni wa Rwanda. Mwezi Desemba 2024 UNESCO nayo iliingiza mchezo wa intore katika orodha ya urithi wa binadamu. Wachezaji vijana wanazo sasa sauti za kulinganishia miguu yao. Lakini nakala zikikaa katika hifadhi bila kusikilizwa, zitakuwa zimehama kabati moja hadi jingine tu.

Basi, walimu wenzetu wafanye nini? Kwanza, wasizicheze rekodi hizi kwa spika ndogo ya simu. Spika hiyo haiwezi kutoa sauti nene. Ibihumurizo zitatoweka zote, na wanafunzi watadhani kwamba ngoma za Mwami zilikuwa kama mvua juu ya bati. Redio kubwa ya shule, hata ya zamani, ni bora mara nyingi. Pili, wakiweza kupata CD yenyewe, au faili lisilobanwa, walipendelee kuliko nakala iliyopitishwa simu hadi simu, maana kila kubanwa huondoa kitu. Tatu, kabla ya kucheza, wawaeleze wanafunzi nani alinasa, mwaka gani, kwa chombo gani, kama vile tunavyowaeleza mtunzi wa shairi na zama zake. Nne, wawape zoezi la kuandika maneno wayasikiayo, kisha wajadili wapi hawakubaliani. Katika zoezi hilo mwanafunzi hujifunza fonetiki kwa sikio lake, na huona mwenyewe mahali ambapo historia imekwaruzwa.

Mwisho, walimu wa Nyamirambo na kwingineko Kigali wanao wazee wa Kiswahili ambao bado wako hai, na wana nyimbo za harusi na za maulidi ambazo hazijanaswa na mtu yeyote. Chombo cha kunasia kiko mfukoni mwa kila mmoja wetu, na kwa ubora wa sauti kinaishinda mashine iliyobebwa na Czekanowski. Kitu kimoja tu walichokuwa nacho watu wa Berlin nasi twakisahau: ile kawaida ya kupuliza kipenga kwanza. Kipenga chetu na kiwe maneno machache mwanzoni mwa kila rekodi, ya jina la mwimbaji aliyeridhia, mahali na tarehe, ili atakayeisikiliza baada ya miaka 70 ajue ni sauti ya nani, naye asilazimike kukisia.